Asilimia 72 ya sukari: namna ya kuzisoma takwimu za viwanda

Mwaka 2024 viwanda vya Kenya vilitengeneza takriban tani 815,000 za sukari. Mwaka mmoja kabla yake vilikuwa vimetengeneza takriban tani 473,000. Ukipiga hesabu unapata nyongeza ya asilimia 72. Mwenye duka la jumla akiisoma habari hiyo atafurahi, na meneja wa benki atataka kujua ni nani anayehitaji mkopo wa kununua malori.

Sasa rudi nyuma mwaka mmoja zaidi. Mwaka 2022 viwanda hivyohivyo vilitoa takriban tani 796,000. Kutoka hapo hadi 2024 sukari iliongezeka kwa asilimia 2 na nukta kidogo, tena kwa miaka miwili mizima. Hesabu zote mbili ni za kweli, na zote zimetoka katika jedwali moja la Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Kilichotokea katikati ni njaa ya miwa. Kufikia katikati ya mwaka 2023 miwa iliyokomaa ilikuwa imeadimika katika mashamba ya magharibi mwa nchi, viwanda vikawa vinagombania miwa michanga isiyo na utamu wa kutosha, na wasimamizi wa sekta wakasitisha usagaji kwa miezi kadhaa ili mashamba yapate nafasi ya kukomaza mmea. Mashine zikanyamaza. Kilo moja ya sukari dukani ikapita Sh200. Mvua zikanyesha vizuri, miwa ikakomaa, na mwaka 2024 viwanda vikarudi vilipokuwa awali, vikasogea hatua ndogo mbele.

Nimeanza na sukari kwa sababu ndiyo somo fupi zaidi ninalolijua kuhusu takwimu ambayo Wakenya huisikia kila mwaka na wengi huipokea bila kuiuliza swali: kwamba uzalishaji viwandani umepanda kwa asilimia fulani, au umeshuka. Anayeuza unga, sabuni, soda, mafuta ya kupikia au magodoro hupanga mwaka wake kwa kusikiliza tarakimu hiyo. Akiisikia vibaya, hasara ni yake.

Chombo chenyewe huitwa fahirisi ya uzalishaji viwandani. Kazi yake ni kujibu swali moja tu: je, wingi wa vitu vinavyotoka katika milango ya viwanda vyetu ni mkubwa au mdogo kuliko ule wa mwaka tuliouchagua kuwa kipimo? Mwaka huo huitwa mwaka wa kizio, nao hupewa 100. Fahirisi ikisoma 108, maana yake wingi wa bidhaa umezidi ule wa mwaka wa kizio kwa asilimia 8. Mwaka unaofuata ikisoma 110, wengi watasema imepanda kwa asilimia 2. Imepanda kwa pointi 2. Kutoka 108 hadi 110 ni asilimia 1.85. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini fahirisi ikishafika 200 au zaidi, anayechanganya pointi na asilimia anajidanganya maradufu.

Ugumu unaanza pale vitu vya aina mbalimbali vinapotakiwa kujumlishwa. Huwezi kuchukua tani za sukari ukazijumlisha na miche ya sabuni na kreti za soda. Kwa hiyo kila bidhaa hupewa uzito wake kulingana na thamani ambayo kiwanda chake kiliongeza katika mwaka wa kizio, yaani thamani ya kilichotoka ukiondoa gharama ya malighafi, umeme na huduma zilizonunuliwa. Fikiria nchi ndogo yenye viwanda vitatu tu. Katika mwaka wa kizio sukari ilikuwa na uzito wa 50, sabuni 30, soda 20. Mwaka huu sukari imepanda kwa asilimia 20, sabuni imebaki palepale, soda imeshuka kwa asilimia 10. Sukari inaleta 60, sabuni 30, soda 18. Jumla ni 108. Mwenye kiwanda cha soda ameachisha watu kazi, wa sabuni anapiga miayo, na bado taifa linatangaza kwamba viwanda vimekua kwa asilimia 8. Fahirisi haijasema uongo. Imesema habari ya jumla, na ndani ya jumla hiyo bidhaa nzito imezifunika nyepesi.

Njia hii ya kushikilia uzito wa mwaka wa kizio ina jina la Étienne Laspeyres, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1871, na udhaifu wake unajulikana tangu enzi hizo: uzito huzeeka. Maji ya chupa, nepi za watoto na tambi za dakika mbili hazikuwa na nafasi kubwa katika viwanda vya miaka ya themanini. Betri za redio na tochi zilikuwa nayo. Ukiendelea kupima uchumi wa leo kwa mizani iliyopangwa zamani, utazipa betri heshima zisizokuwa nayo tena na utayapuuza maji ya chupa yanayouzwa kila kona ya barabara. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2010 kuhusu fahirisi hii unashauri uzito uhuishwe kila mwaka. Hiyo ni kazi ya fedha na watu, maana uzito mpya hutoka katika sensa na tafiti za viwanda. Kwa hiyo kabla hujaipokea fahirisi yoyote ya viwanda, angalia pembeni ya jedwali palipoandikwa mwaka wa kizio. Mwaka huo ukiwa wa mbali, isome kwa tahadhari.

Ndani ya fahirisi kubwa kuna kundi linalomhusu mwenye duka kuliko mengine yote, nalo ni la bidhaa za walaji. Viwanda vya saruji, vyuma na mabati huuzia zaidi wajenzi na viwanda vingine. Bidhaa za walaji ni zile zinazoishia nyumbani. Nazo zina tabaka mbili. Kuna zinazokwisha upesi: unga, maziwa, sukari, mafuta, sabuni, dawa ya meno, bia, sigara. Na kuna zinazodumu: godoro, sufuria, kabati, jokofu. Ukiweza kuzipata tarakimu za tabaka hizi mbili zikiwa zimetenganishwa, zisome pamoja, kwa sababu zinasimulia hali ya mfuko wa mwananchi kuliko hotuba yoyote ya bajeti. Familia iliyobanwa itaahirisha godoro mwaka wa kwanza na wa pili. Unga haiahirishi. Kwa hiyo vitu vinavyodumu vikianza kushuka huku unga ukisimama imara, jua kwamba watu wameanza kujibana. Vyote viwili vikishuka, hali ni mbaya zaidi ya kujibana.

Nchini Kenya kundi la vyakula ndilo zito kuliko yote katika utengenezaji wa bidhaa, na hapo ndipo sukari inaporudi. Viwanda vyetu vingi vya bidhaa za walaji ni mwendelezo wa shamba. Kiwanda cha chai, cha maziwa, cha unga na cha sukari haviamui peke yao vitazalisha kiasi gani. Mvua ndiyo inayoanza kuamua. Mwaka wa ukame fahirisi hushuka bila meneja yeyote kukosea, na mwaka wa mvua hupanda bila mashine hata moja mpya kufungwa. Anayetaka kujua kama viwanda vyetu kweli vinakua ajizoeze kuutazama mwenendo wa miaka mitatu au minne mfululizo. Mwaka mmoja baada ya ukame hauna ushahidi wowote.

Maziwa yanatufundisha jambo jingine. Kila mwezi KNBS hutoa taarifa ya viashiria vikuu vya uchumi, na humo utakuta sukari, saruji, vinywaji baridi, mabati, magari yaliyounganishwa nchini, umeme uliozalishwa, na maziwa yaliyopokelewa katika sekta rasmi. Yaliyopokelewa katika sekta rasmi: shikilia maneno hayo. Sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa nchini hayapiti kiwandani. Hutoka kwa mfugaji yakaenda kwa mchuuzi mwenye mitungi kwenye pikipiki, au kwenye mashine ya kujipimia iliyo dukani. Mfugaji akiamua mwezi huu kuyapeleka kwa kiwanda kwa sababu bei imekuwa nzuri, takwimu itapanda. Wala hakuna ng'ombe aliyeongeza hata kikombe kimoja. Na kinyume chake hutokea vilevile: kiwanda kikichelewesha malipo, wafugaji hurudi kwa wachuuzi, takwimu ikashuka, na nchi inakunywa maziwa yaleyale.

Hali ni hiyohiyo kwa mafundi wa Kamukunji wanaofua masufuria, majiko na masanduku ya wanafunzi, na maseremala wa Gikomba. Zaidi ya nafasi nane kati ya kumi za kazi nchini ziko katika sekta isiyo rasmi, ambayo tumeizoea kwa jina la jua kali. Sanduku la bati ni bidhaa ya mlaji inayodumu kama jokofu lilivyo. Lakini dodoso linalojazwa mwezi baada ya mwezi huenda kwa viwanda vilivyosajiliwa, vyenye wahasibu na anwani. Fundi wa Kamukunji huhesabiwa mara chache, katika tafiti maalumu, na baina ya tafiti hizo kazi yake hukadiriwa tu. Sikubaliani na wanaosema kwamba kwa sababu hiyo fahirisi haina maana. Ina maana, mradi ujue inatazama upande gani wa mtaa.

Haitazami madirisha ya maduka pia, na hili huwapotosha wengi. Mwaka 2014 kampuni ya Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri mjini Nakuru, ikageukia kuagiza betri kutoka nje na kuziuza. Mwaka huohuo Cadbury ikasitisha utengenezaji wake jijini Nairobi. Mteja aliyeingia dukani mwaka uliofuata alikuta betri zenye jina lilelile na chokoleti zenye jina lilelile. Mauzo yaliendelea, rafu zilijaa, matangazo yalisikika redioni. Katika fahirisi ya uzalishaji palibaki pengo. Yeye anayepima afya ya viwanda kwa kutembea dukani na kuona bidhaa tele anaweza kuwa anapima afya ya bandari.

Upande wa pili uko Athi River, katika maeneo ya viwanda vya kuuza nje. Huko wanashona suruali na mashati kwa maelfu kwa ajili ya soko la Marekani, biashara iliyochochewa na sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Nguo hizo ni bidhaa za walaji, zimetengenezwa Kenya, na huhesabiwa katika uzalishaji wetu. Mlaji wake yuko Marekani. Anayezishona, siku ya Jumamosi huenda Gikomba kununua mitumba. Nguo zikipanda katika takwimu za viwanda, mwenye duka la nguo Nairobi hana sababu ya kuongeza shehena yake.

Kuna kosa jingine ambalo nimelikuta hata kwa watu wenye elimu ya biashara, la kudhani kwamba uzalishaji ukipanda maana yake mauzo ya fedha yamepanda, au bei imepanda. Fahirisi hii hupima wingi. Bei ina vyombo vyake viwili. Kimoja ni fahirisi ya bei za wazalishaji, ambayo KNBS huitoa kila robo mwaka na hupima bei kwenye lango la kiwanda kabla VAT haijaongezwa. Cha pili ni fahirisi ya bei za walaji, ile inayotupatia mfumuko wa bei kila mwisho wa mwezi, ambayo mwezi wake wa kizio ni Februari 2019 na ambamo chakula na vinywaji visivyo na kileo vina uzito wa karibu 33 kati ya 100. Uzito wa huku hutoka katika matumizi ya familia. Uzito wa kule, katika fahirisi ya uzalishaji, hutoka katika hesabu za viwanda. Ndiyo sababu sukari inaweza kuwa jambo kubwa katika fahirisi moja na jambo la kadiri katika nyingine, na ndiyo sababu mtu hawezi kuchukua tarakimu ya huku akaigawanya kwa ya kule na kudai amegundua siri.

Vikisomwa pamoja, hata hivyo, vyombo hivi vitatu husaidiana. Bei ya lango la kiwanda ikipanda kwa robo mbili mfululizo na bei ya dukani ikiwa imetulia, kuna mtu katikati anayekula hasara: msambazaji au mwenye duka. Hawezi kuila milele. Miezi michache baadaye ama bei ya dukani itapanda au pakiti itapungua ukubwa.

Pakiti ndogo zina habari ndefu. Mitaa ya Nairobi inaendeshwa na uchumi wa kadogo: mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, sabuni ya unga ya kufulia mara moja, majani ya chai ya kuchemsha sufuria moja. Familia inayopata fedha kwa siku hununua kwa siku. Hali ikibana, aliyekuwa akinunua mfuko wa kilo huhamia kwenye vipakiti, na kwa kila gramu analipa zaidi kuliko alivyokuwa akilipa. Kiwanda kitaona vipakiti vingi zaidi vikitoka langoni. Shilingi zinazoingia zinaweza hata kuongezeka. Kilo ndizo zitakazopungua. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya tarakimu yoyote ya bidhaa za walaji ni: imehesabiwa kwa kipimo gani? Sukari huhesabiwa kwa tani, na tani haina ujanja. Bidhaa zinazohesabiwa kwa idadi ya pakiti, au kwa shilingi kisha zikasafishwa kwa kuondoa mfumuko wa bei, zinahitaji jicho kali zaidi. Mimi huanza kusoma jedwali la viwanda kwenye safu ya vipimo, kabla ya kutazama safu ya asilimia.

Wapo wasomaji wanaokosa subira ya kungoja KNBS, nami siwalaumu. Ripoti ya Uchumi ya kila mwaka hutoka karibu na Mei, ikieleza mwaka uliokwisha Desemba. Mfanyabiashara hawezi kuagiza bidhaa za Pasaka kwa habari atakazozipata Mei. Hao hukimbilia PMI, yaani fahirisi ya mameneja wa ununuzi, ambayo kwa Kenya hutolewa kwa jina la benki ya Stanbic na ilianza kukusanywa mwaka 2014. Hutoka siku za mwanzo za mwezi, ikieleza mwezi uliokwisha jana tu. Lakini ni chombo cha aina nyingine kabisa, na kuilinganisha na fahirisi ya uzalishaji ni kama kulinganisha mizani na kura.

Hakika PMI ni kura. Mameneja wa takriban kampuni 400 huulizwa: mwezi huu, ukilinganisha na uliopita, oda zenu mpya zimepanda, zimebaki au zimeshuka? Uzalishaji je? Wafanyakazi? Muda ambao msambazaji anachukua kuwaletea malighafi? Akiba ya malighafi ghalani? Tuseme kampuni 40 kati ya 100 zimejibu zimepanda, 35 zimebaki, 25 zimeshuka. Unachukua 40, unaongeza nusu ya 35, unapata 57.5. Kisha majibu matano huunganishwa: oda mpya 30 kati ya 100, uzalishaji 25, ajira 20, muda wa kuletewa malighafi 15, akiba 10. Juu ya 50, wanaosema mambo ni mazuri wamezidi wanaosema ni mabaya. Chini ya 50, kinyume. Inakuambia ni wangapi wamepanda. Haikuambii wamepanda kwa kiasi gani.

Kwa kunusa hatari haina mpinzani. Oktoba 2017, wakati wa uchaguzi wa marudio, ilianguka chini ya 35. Aprili 2020, corona ilipofunga biashara na kuleta kafyu, ilianguka tena chini ya 35. Julai 2024, mwezi wa maandamano yaliyofuata Mswada wa Fedha, ilishuka hadi karibu 43. Mara zote tatu mfanyabiashara alipata kuiona dhoruba ndani ya wiki, si ndani ya miezi. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, PMI ya Kenya haihusu viwanda pekee. Inachanganya kilimo, ujenzi, maduka na huduma, kwa hiyo anayesema viwanda vimeshuka kwa sababu PMI imeshuka huenda anasema habari za mahoteli. La pili ni hesabu ya muda wa malighafi. Kanuni yake husema msambazaji akichelewa ni dalili njema, kwa kuwa kwa kawaida huchelewa akiwa na kazi nyingi. Mwaka 2020 malori yalisimama kwenye foleni ya kilomita nyingi Malaba na Busia yakingoja vipimo vya corona, na ucheleweshaji ule ukaingia katika hesabu kama neema. Hapo mtu akiwa na akili zake huiweka namba kando, akasoma majibu moja moja.

Msimu nao usisahaulike. Desemba soda hunywewa zaidi kuliko Februari. Januari ni mwezi wa sare, madaftari na ada, na vitu vingine husubiri. Kwa sababu hiyo mwezi hulinganishwa na mwezi kama huo wa mwaka uliopita, na watakwimu wana njia za kuondoa athari za msimu. Njia hizo hufanya kazi vizuri kwa Krismasi, kwa kuwa Krismasi haihami. Ramadhani huhama, ikirudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza karibu na tarehe 11 Machi. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari kuelekea mwisho. Mombasa, Lamu na Malindi mwezi huo hula unga wa ngano, sukari, tambi, mafuta na maziwa kwa kiasi kisichofanana na mwezi mwingine wowote, na wenye viwanda hutengeneza shehena hiyo wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Kwa hiyo Machi ya 2026 ikilinganishwa na Machi ya 2025, sehemu ya mfungo imo katika mwaka mmoja na haimo katika mwingine. Anayefanya biashara Pwani ajumlishe Februari, Machi na Aprili kabla ya kulinganisha.

Imebaki tarakimu ambayo wanasiasa huipenda kuliko zote: mchango wa viwanda katika Pato la Taifa. Mwishoni mwa 2017 serikali ilitangaza Ajenda Nne Kuu, na mojawapo ya ahadi zake ilikuwa kufikisha mchango huo asilimia 15 ifikapo 2022. Mwaka 2022 ulipofika mchango ulikuwa chini ya asilimia 8. Chama cha Watengenezaji Bidhaa Kenya, KAM, nacho kimejiwekea lengo la asilimia 20 ifikapo 2030. Wengi huuliza mchango unawezaje kupungua huku kila mwaka tukiambiwa viwanda vimekua. Jibu liko wazi. Mwaka 2024 utengenezaji wa bidhaa ulikua kwa asilimia 2.8. Uchumi mzima ulikua kwa asilimia 4.7. Mtoto anayerefuka polepole kuliko wenzake atazidi kuonekana mfupi kila mwaka, ijapokuwa suruali zake nazo zinambana. Fahirisi ya uzalishaji inaweza kupanda miaka kumi mfululizo na viwanda vikazidi kuwa sehemu ndogo ya nchi. Waziri akinukuu moja ya tarakimu hizi, muulize ya pili.

Na ukisoma majedwali ya KNBS yenyewe, angalia alama ndogo karibu na mwaka. Kinyota humaanisha takwimu ni za muda. Alama ya kujumlisha humaanisha zimerekebishwa. Kurekebisha ni uaminifu. Majibu ya viwanda huchelewa, mengine huja yakiwa na makosa, na shirika hulazimika kurudi nyuma na kusahihisha. Mfanyabiashara anayeweka rekodi ya tarakimu za mwaka jana kama zilivyotangazwa mara ya kwanza, kisha akazilinganisha na za mwaka huu, anaweza kupata ukuaji ambao haupo kabisa. Kila ripoti mpya ikitoka, chukua miaka yote mitano kutoka katika ripoti hiyo moja.

Haya yote, uzito, kinyota, kizio, yanategemea kitu kimoja ambacho hakionekani kwenye majedwali: karatasi iliyo mezani kwa mhasibu wa kiwanda. Dodoso huuliza umetengeneza kiasi gani, umeuza kiasi gani, umeajiri wangapi. Nimeketi katika ofisi ya kiwanda kimoja nikaona madodoso ya miezi mitatu yakiwa chini ya rundo la risiti, hayajaguswa, na mwenye kiwanda huyohuyo akanilalamikia kwa saa nzima kwamba serikali haielewi hali ya wenye viwanda. Kiwanda kisipojibu, watakwimu hulazimika kukisia kwa kutazama majirani zake. Viwanda kumi visipojibu, makisio huwa ndiyo takwimu, na kwa takwimu hiyo serikali hupanga ushuru wa bidhaa, benki hupanga riba, na washindani wetu wa Uganda, Tanzania na Misri hupanga bei.

Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inakataza majibu ya kiwanda kimoja kimoja kutolewa hadharani, kwa hiyo hofu ya mshindani kuona hesabu zako haina msingi. Wenye viwanda, dodoso likifika lijazeni kwa tani na lita halisi, mlirudishe mwezi huohuo. Nanyi wenye maduka, ripoti ijayo ikitoka, kabla ya kuongeza oda hata ya katoni moja, itafuteni sukari ya 2022.